Mafuta Yakipanda: Hesabu ya Kilomita kwa Bodaboda, Michomoko na Wachimbaji wa Shinyanga na Geita

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa, na bei hizo huanza kutumika siku hiyohiyo. Asubuhi hiyo namba kwenye mabango ya vituo zinabadilika. Dereva wa Hiace analalamika, mwenye Fuso anapiga simu kwa tajiri wake. Mwendesha bodaboda mara nyingi hasemi kitu. Anasimama pembeni ya pampu, anafungua mfuniko wa tangi, anasema "weka ya elfu tano", analipa, anaondoka. Kesho yake hivyohivyo.

Elfu tano ni ileile, ila kinachoingia kwenye tangi si kilekile. Petroli ikiwa shilingi 2,500 kwa lita, elfu tano inatoa lita mbili kamili. Ikifika 3,400 inatoa lita moja na nusu kasoro kidogo. Nusu lita imepungua, na kwa pikipiki nyingi nusu lita ni kilomita 20 hivi. Mwenyewe anakuja kuligundua pengo hilo saa tisa alasiri, injini inapoanza kukohoa akiwa na abiria mgongoni, kijiji cha karibu kikiwa mbali.

Kwa hiyo jambo la kwanza kubadilisha ni namna ya kununua. Sema lita, usiseme shilingi. "Weka lita mbili." Ukinunua kwa lita, bei mpya inakugusa papo hapo na unajua siku imeanza na gharama gani. Ukinunua kwa shilingi, unaletewa bili barabarani. Hili linamhusu pia mama mwenye gari dogo la kwendea sokoni na mchimbaji anayetuma kijana na dumu.

Bei ya huku haifanani na ya Dar

Mafuta ya nchi hii yanaingia kwa meli kupitia Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, yakiwa yameagizwa kwa mfumo wa pamoja unaosimamiwa na Wakala wa Uagizaji wa Mafuta kwa Pamoja, PBPA. Kutoka Dar hadi Shinyanga ni karibu kilomita 1,000, na lori linaloyaleta nalo linakunywa dizeli njia nzima. Ndiyo maana lita ya Geita kwa kawaida huizidi ya Dar kwa zaidi ya shilingi 100, na ndiyo maana jedwali la EWURA lina bei ya kila wilaya: Shinyanga, Kahama, Kishapu, Geita, Chato, Bukombe, Mbogwe na nyinginezo. Ukisikia redioni bei ya Dar, usiibebe hadi kituo cha Ushirombo ukagombane nayo. Piga *152*00# kwenye simu yako, fuata maelekezo, upate bei ya wilaya yako. Huduma hiyo ni bure.

Ndani ya bei hiyo kuna gharama za soko la dunia, thamani ya shilingi yetu mbele ya dola, usafiri, faida ya wauzaji, na kodi na tozo za serikali. Julai 2021 kila lita ya petroli na dizeli iliongezewa shilingi 100, na mwaka wa fedha ulioanza Julai 2023 ikaongezwa 100 nyingine kwa ajili ya miradi ya kimkakati. Vita vya Ukraine vilipoanza Februari 2022, bei za dunia ziliruka. Mei mwaka huo petroli ya Dar ilifika shilingi 3,148 kwa lita. Serikali ikaweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 kuanzia Juni, na bado Agosti ikapanda hadi 3,410, dizeli ikiwa 3,322. Huku kwetu ilikuwa juu ya hapo. Mwaka 2023 dola zilipoadimika, vituo kadhaa nchini vilikauka, na vingine vikafungiwa kwa kuficha mafuta vikisubiri Jumatano.

Sehemu kubwa ya ongezeko, basi, haitokani na mwenye kituo. Lakini akiuza juu ya bei kikomo, amevunja sheria, na ushahidi wako ni stakabadhi yenye jina la kituo, tarehe, aina ya mafuta na bei kwa lita. Idai. Kabla ya kijana kubonyeza bomba hakikisha pampu inasoma sifuri, na tazama kama ina stika ya Wakala wa Vipimo. Kituo kinaruhusiwa kuuza chini ya bei kikomo, na kwenye barabara yenye vituo vingi, kama pale Kahama mjini, kuzunguka kutazama mabango kuna maana ikiwa vituo viko njiani kwako. Kwenda kilomita nne za ziada kufuata punguzo la shilingi 20 kwa lita ni hasara.

Tunachokifanya bei ikipanda

Mwaka 2004 watafiti watatu wa Uingereza, Goodwin, Dargay na Hanly, walikusanya matokeo ya tafiti nyingi za nchi mbalimbali kuhusu jambo hili. Walichokikuta ni kwamba bei halisi ya mafuta ikipanda kwa asilimia 10 na kubaki juu, safari za magari barabarani hupungua kwa asilimia 1 tu ndani ya mwaka mmoja, na kama asilimia 3 baada ya miaka kadhaa. Lakini mafuta yanayochomwa hupungua zaidi ya hapo: asilimia 2.5 ndani ya mwaka, na zaidi ya asilimia 6 baadaye. Watu wanaendelea kusafiri karibu kama zamani. Wanachobadilisha ni mwendo, gari na matunzo ya gari.

Kwetu naamini safari zinapungua kwa kiasi kidogo hata kuliko hicho, kwa sababu iliyo wazi. Baada ya misukosuko ya mafuta ya miaka ya 1970, serikali ya Mwalimu Nyerere ilizuia magari binafsi kutembea Jumapili alasiri. Amri ile iliwezekana kwa kuwa safari ya Jumapili alasiri ilikuwa ya matembezi, mtu angeweza kubaki nyumbani asipoteze chakula. Pikipiki inayotoka Geita mjini kwenda Nyarugusu leo haiendi matembezi. Imebeba mchimbaji, au chakula cha wachimbaji, au mashine iliyotoka kutengenezwa. Ikisimama, watu wawili au watatu wamekosa riziki ya siku. Mafuta huku ni mtaji wa kazi, na hakuna anayeacha kazi kwa sababu mtaji umepanda.

Hivyo swali la maana kwa mtu wa Shinyanga au Geita si namna ya kupunguza safari. Ni mambo mawili: kila lita inakupeleka kilomita ngapi, na lile ongezeko linabebwa na nani. Makala hii inahusu hayo mawili.

Ijue kilomita yako

Wapo waendesha bodaboda wa miaka kumi wasiojua pikipiki yao inatembea kilomita ngapi kwa lita. Ukiuliza, utaambiwa "inakula kawaida". Bila namba hiyo huwezi kupanga nauli, huwezi kujua kama fundi amekutengenezea au amekuharibia, na huwezi kumweleza tajiri chochote.

Namba inapatikana hivi. Jaza tangi hadi shingoni, pikipiki ikiwa imesimama wima mahali pa tambarare. Andika kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi. Fanya kazi zako za kawaida kwa siku moja au mbili, na usipime kwa kuendesha kwa adabu ya bandia. Kisha rudi kituo kilekile, jaza tena hadi pale pale, uone zimeingia lita ngapi. Tuseme umetembea kilomita 168 na zimeingia lita 4.2. Gawanya: 168 kwa 4.2 ni 40. Pikipiki yako inatembea kilomita 40 kwa lita. Kama mita ya dashibodi imekufa, na nyingi zimekufa, tumia ramani ya simu, au nguzo za kilomita zilizo kando ya barabara kuu kama ile ya Shinyanga kwenda Tinde.

Sasa gawanya bei ya lita kwa hiyo 40. Lita ikiwa shilingi 2,900, kila kilomita inakugharimu mafuta ya shilingi 72 na nusu. Lita ikipanda hadi 3,300, kilomita inakuwa shilingi 82 na nusu. Lita imepanda kwa 400, kilomita imepanda kwa shilingi 10.

Ishike hiyo shilingi 10, kwa sababu ndiyo inayomaliza ubishi mwingi wa kijiweni. Abiria anakwenda kilomita 3, na wewe unarudi mtupu, kwa hiyo safari yote ni kilomita 6. Ongezeko la mafuta ni shilingi 60. Kumwambia "mama, mafuta yamepanda" kisha ukaongeza 500 hapo, si mafuta yaliyopanda. Naye mama akijua hesabu hii atakwenda kijiwe kingine, au atatembea kwa miguu, na utakuwa umepoteza abiria wa kila siku kwa sababu ya shilingi 60. Lakini abiria wa mgodini aliye kilomita 25 kutoka mjini ni habari nyingine. Kwenda na kurudi mtupu ni kilomita 50, ongezeko ni shilingi 500 kamili. Hapo kuomba 500 ni haki yako, na abiria anayekataa kabisa anataka umlipie nauli.

Mchomoko, yaani gari dogo la kubeba abiria, nao una hesabu yake. Tuseme gari dogo linatembea kilomita 12 kwa lita likiwa na abiria wanne. Kwa bei zilezile, kilomita imepanda kutoka kama shilingi 242 hadi 275, yaani shilingi 33. Safari ya kilomita 50 imeongezeka gharama kwa karibu shilingi 1,700, ambayo kwa abiria wanne ni kama 400 kila mmoja ikiwa gari linapata abiria pande zote mbili, na kama 800 likirudi tupu. Anayeongeza 2,000 kwa kila kichwa anajilipa yeye. Kwa mabasi yenye leseni nauli inapangwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA. Kwa tangazo la mwisho wa mwaka 2023, basi la daraja la kawaida la mikoani lilipangiwa shilingi 48.47 kwa kila abiria kwa kilomita moja ya lami, sawa na shilingi 4,847 kwa kilomita 100. Basi likipandisha nauli siku ile ile mafuta yalipopanda, bila tangazo la LATRA, una haki ya kukataa na kutoa taarifa.

Kurudi mtupu

Mafuta mengi ya bodaboda hayaliwi na abiria. Yanaliwa na kurudi mtupu, na kuzurura barabarani kutafuta abiria. Kilomita 50 za mgodini zenye abiria upande mmoja tu zinakula mafuta ya shilingi 4,125 kwa bei ya 3,300. Ukipata mtu wa kurudi naye, hata kwa nusu nauli, umerudisha zaidi ya ulichochoma. Vijana wa Katoro na Buseresere wanaojua kazi hii huwa na namba za mama lishe, wauza vipuri na wasimamizi wa maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, kule machimboni, wanapiga simu kabla ya kuondoka mjini: "Nakuja huko saa nne, kuna mtu wa kushuka?" Simu ya shilingi chache inaokoa zaidi ya nusu lita.

Kijiwe kikubali utaratibu wa zamu. Pikipiki kumi zinazozunguka mji kuwinda abiria zinachoma petroli ya pikipiki kumi, na abiria ni walewale. Na kwa mizigo ya karibu, magunia ya mpunga, maji, mawe ya kupeleka kwenye karasha, tusione haya kurudi kwenye mkokoteni wa ng'ombe na baiskeli. Shinyanga ni mji wa baiskeli tangu kabla bodaboda hazijaja, na mzigo wa kilomita mbili hauna sababu ya kuchoma petroli.

Mkono na tairi

Idara ya Nishati ya Marekani inaeleza kuwa uendeshaji wa pupa, kukanyaga kwa nguvu na kufunga breki ghafla, unaweza kupunguza kilomita kwa lita kwa asilimia 15 hadi 30 kwenye barabara ya kasi, na asilimia 10 hadi 40 kwenye mji wa simama-nenda. Huo ndio mlango mkubwa kuliko yote, mkubwa kuliko kifaa chochote cha "kubana mafuta" kinachouzwa sokoni. Mchomoko ukitembea 100 kwa saa badala ya 80, nguvu ya upepo unaousukuma inaongezeka kwa zaidi ya nusu. Kwa safari ya kilomita 100 umeokoa dakika 15 tu, dakika ambazo mara nyingi unakuja kuzipoteza stendi ukisubiri abiria wajae.

Kwenye pikipiki, ingia gia ya juu mapema, usiilize injini kwa gia ya pili mjini kote. Mnyororo uliolegea au mkavu, spoketi zilizoliwa meno na breki inayogusa ringi muda wote vinakula mafuta yako kimya kimya. Kipimo cha breki ni rahisi: inua tairi kwa stendi ya kati, lizungushe kwa mkono. Likisimama mapema, breki imebana. Tairi zilizopungua upepo hupoteza kidogo, kama asilimia 2 kwa gari ambalo matairi yote yamepungua psi 10, lakini pia huisha haraka na kupasuka, na tairi ni ghali kuliko lita kadhaa za petroli. Pima asubuhi zikiwa baridi.

Filta ya hewa inahitaji neno la peke yake kwa sababu ya vumbi la huku. Kwenye gari la kisasa lenye mfumo wa kompyuta, filta chafu inapunguza nguvu zaidi kuliko inavyoongeza ulaji. Kwenye pikipiki ya kabureta, filta iliyoziba inanyima injini hewa, mchanganyiko unakuwa mzito, petroli inatoka haijaungua. Dalili ni moshi mweusi na plagi nyeusi yenye masizi. Anayeshinda kwenye barabara za vumbi za machimbo asisubiri tarehe ya sevisi. Aikung'ute kila wiki na kuibadilisha ikichoka. Wapo wanaoitoa kabisa ili "ipumue". Vumbi la mawe likiingia kwenye silinda linasaga ringi za pistoni, na baada ya muda unachoma oili pamoja na petroli.

Zima injini unaposubiri. Gari dogo linaloguruma limesimama, kiyoyozi kikiwaka, linaweza kula zaidi ya nusu lita kwa saa, na gari kubwa zaidi ya hapo. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa kilomita 3 hivi lilipofunguliwa Juni 2025, anayetoka Mwanza kwenda Geita hana tena foleni ya kivuko ya kumfanya angurumishe injini. Foleni zilizobaki ni za kujitakia: stendi, minada, nje ya duka.

Akiba za uongo

Bei ikipanda, watu hubuni njia za kuokoa ambazo zinakuja kuwagharimu mara kumi. Ya kwanza huku kwetu ni kuzima injini au kuweka gia huru kwenye mteremko. Gari lenye kompyuta, ukiwa ndani ya gia na mguu umeuondoa kwenye mafuta, lenyewe hukata mafuta hadi karibu na sifuri. Ukiweka gia huru linaanza kuyapokea tena ili injini isizime. Unakula zaidi, na umepoteza msaada wa injini katika kupunguza mwendo. Kwenye pikipiki unaokoa matone, na abiria wako anabaki na breki peke yake.

Ya pili ni mshikaki. Abiria watatu kwenye pikipiki moja wanaonekana kugawana mafuta, lakini shokamzoba, fremu na tairi ya nyuma ndivyo vinavyolipa, na pikipiki iliyoelemewa haisimami inapotakiwa kusimama. Siwezi kuieleza kama mbinu ya kubana matumizi hata kwa mtu aliyebanwa kiasi gani.

Ya tatu ni kuahirisha oili. Mtu anaona lita ya oili ni sawa na lita kadhaa za petroli, anaisogeza kilomita elfu nyingine. Injini iliyochakaa haitakurudishia kilomita 40 zako kamwe.

Kuendesha gari kila siku taa ya onyo ya mafuta ikiwa imewaka nako ni hasara kwa magari yenye pampu ndani ya tangi, kwa kuwa pampu hiyo inapozwa na mafuta yenyewe. Na kukimbilia kituoni Jumanne jioni kwa sababu kesho bei inapanda? Pima kwanza. Tangi la pikipiki lenye nafasi ya lita 10, bei ikipanda kwa 100, limekuokolea shilingi 1,000. Kama kituo kiko njiani, jaza. Kama kuna foleni ya saa moja, ungepata zaidi ya hiyo elfu kwa kupakia abiria. Na usijaze madumu ukaweka ndani ya nyumba.

Hapo ndipo tunafika kwenye petroli ya chupa. Vijiji vingi vya machimbo viko mbali na kituo, na chupa za maji zilizojaa petroli zinapangwa juu ya meza kando ya barabara, juani. Najua kwa nini watu wananunua, na mara nyingine hakuna njia nyingine. Lakini chupa haina mizani wala alama ya Wakala wa Vipimo, bei yake haidhibitiwi, na huwezi kujua kilichochanganywa. Mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa kwa kiasi kikubwa ili kuondoa faida ya kuyachanganya kwenye dizeli na petroli, baada ya vinasaba kuanza kuwekwa kwenye mafuta mwaka 2010. Hatua hizo zililenga mafuta ya vituoni. Chupa ya mezani iko nje ya ukaguzi huo. Ukiinunua, nunua ya kukufikisha kituoni tu. Na anayeiuza aelewe jambo moja: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini sakafuni hadi kwenye jiko la mkaa lililo chumba cha pili, na moto unarudi njia ileile ulikopitia mvuke. Petroli isilale chumba kimoja na watoto, hata chupa moja.

Machimboni

Dizeli inayochomwa na jenereta, pampu za maji, kompresa na makarasha ni sehemu kubwa ya gharama ya duara, na inapanda bila kujali kama mawe yana dhahabu au hayana. Hapa nako kuna namba ya kuijua. Jenereta ya dizeli inayofanya kazi karibu na uwezo wake hutoa kama uniti 3 za umeme kwa lita. Dizeli ikiwa 3,300, uniti moja ni shilingi 1,100. Uniti ya TANESCO kwa mtumiaji wa kawaida, pamoja na kodi zake, imekuwa shilingi 350 na ushei. Tofauti ni mara tatu. Jenereta kubwa inayoendesha pampu ndogo ni mbaya zaidi, inaweza kutoa uniti moja tu na ushei kwa lita, kwa sababu injini inachoma mafuta ya kujizungusha yenyewe. Ukiwa na mzigo mdogo, tafuta mashine ndogo.

Kwa eneo lenye nguzo za umeme karibu, wenye maduara jirani wakikaa pamoja wakachanga gharama ya kuvuta laini, hesabu yao inaanza kurudi kila siku wanapozima jenereta. Pasipo umeme, kompresa moja inayohudumia maduara mawili kwa zamu, au pampu moja yenye ratiba, ni bora kuliko kila mmoja kuwasha yake. Kagua mipira ya maji: mpira unaovuja njiani unakulazimisha kuyapandisha maji yaleyale mara mbili.

Kuna akiba ya aina moja ninayokuomba usiifanye huku, na nalisema hili kwa uzito wote. Usiweke pampu au jenereta ya petroli ndani ya duara, wala mdomoni mwa duara, ili kufupisha mpira au kuilinda isiibwe. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayomlaza mtu kabla hajajua anaumwa, na anayeshuka kumwokoa analala juu yake. Mashine ikae juu, mbali na mdomo, upande ambao upepo unapeleka moshi nje. Kuumwa kichwa, kizunguzungu na miguu kuisha nguvu kwa watu kadhaa kwa pamoja ni amri ya kupanda juu mara moja, na hakuna kushuka tena kabla hewa haijabadilishwa.

Nani anabeba

Turudi kwa kijana wa bodaboda. Anatembea kilomita 120 kwa siku, lita 3. Lita ikipanda kwa 400, siku yake imepungua kwa shilingi 1,200, na mwezi wa siku 26 za kazi umepungua kwa 31,200. Tajiri yake anapokea hesabu ileile, tuseme 10,000 kwa siku, kabla na baada. Abiria wa safari fupi, kama tulivyoona, hawezi kuongezewa kwa haki zaidi ya shilingi chache. Kwa hiyo ongezeko lote linaishia kwa mtu mmoja, na ndiye anayelipunguza kwa kukimbia zaidi, kupakia mshikaki, kuruka sevisi na kufanya kazi hadi usiku wa manane. Pikipiki inayochakaa kwa njia hiyo ni ya tajiri.

Wenye pikipiki wa Kahama, Geita na Shinyanga wana sababu ya kuliweka jambo hili kwenye mkataba, na haihitaji wakili. Chukueni bei ya wilaya yenu ya mwezi mliosainiana, muiandike. Andikeni pia kilomita kwa lita mlizozipima pamoja na wastani wa kilomita kwa siku. Kisha mkubaliane kuwa bei ikipanda kwa zaidi ya shilingi 200 kwa lita juu ya hiyo, nusu ya ongezeko la siku inatoka kwenye hesabu, na ikishuka kwa kiasi hicho, nusu inarudi kwa mwenye chombo. Kwa mfano wetu, hesabu inashuka kutoka 10,000 hadi 9,400. Mkataba wa kumiliki baada ya mwaka unaweza kuongezwa siku chache mwishoni ili tajiri apate jumla yake. Ratiba ya oili na filta iandikwe humohumo, na nani analipa. Marekebisho yafanyike Jumatano ya kwanza ya mwezi, wote wawili mkiwa mmeiona bei kwenye simu.

Kijana ambaye tajiri yake hataki kusikia haya aanze na daftari: lita alizoweka, bei, kilomita, abiria, hesabu aliyotoa. Akilijaza miezi miwili atakuwa na karatasi ya kuweka mezani, na tajiri anayemkatalia ataikuta karatasi hiyohiyo mkononi mwa mwenye pikipiki anayefuata kuombwa.